Mwongozo Mgumu na Orodha ya Nyumba 412

Ukatibu ni kazi ya orodha. Anayedhani kwamba katibu hukaa kikaoni, akaandika muhtasari, kisha akaenda zake nyumbani, huyo hajaijua kazi hii. Katibu hutunza majina ya watu, na jina la mtu ni amana. Likipotea katika karatasi, mwenye jina naye hupotea katika haki yake.

Nasema hivi kwa kuwa jambo hili lilinifika. Mwaka jana nilikuwa nikinakili kwa mkono orodha ya nyumba zinazochangia mfuko wa kusaidiana wa mtaa wetu, na nyumba moja ikanidondoka. Hapakuwa na hila wala chuki. Palikuwa na usingizi tu, kwani usiku ulikuwa umekwenda na mamia ya mistari yalikuwa yamekwisha kupita chini ya kalamu yangu. Miezi mitatu baadaye baba wa nyumba ile akalazwa. Mkewe alipokwenda kwa mweka hazina kuomba msaada wa matibabu, jina lao halikuonekana. Ilichukua siku mbili kulitafuta daftari la zamani ili ithibitike kwamba watu wale walikuwa wakichangia bila kukosa. Fedha zilitolewa na mgonjwa, alhamdulillah, akapona. Lakini kwa siku zile mbili mama yule alizunguka kwa majirani akiomba mkopo, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka huu nikaazimia kwamba kazi ya kunakili haitafanywa tena na mkono uliochoka. Ndipo nilipoingia katika safari ninayotaka kuwasimulia leo: safari ya kuifundisha kompyuta makro, nikiongozwa na mwongozo ambao mwanzoni sikuufahamu hata kidogo.

Makro ni nini?

Neno hili asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kirefu au kikubwa. Wataalamu wa kompyuta walilitumia kwa agizo moja ambalo ndani yake yamefichwa maagizo mengi. Fundi cherehani hapimi upya kila shati la sare za shule; hukata karatasi moja ya kielelezo, kisha huilaza juu ya kitambaa mara mia. Mfyatua matofali naye ana kalibu yake. Makro ni kalibu ya maandishi: unafanya kazi mara moja huku kompyuta ikitazama na kukumbuka kila kitufe ulichobonyeza, kisha unaiamuru irudie mara unazotaka.

Wazo hili si geni. Mwaka 1976, katika chuo cha MIT huko Marekani, kilizaliwa kihariri kiitwacho Emacs, na jina lenyewe limetokana na maneno yenye maana ya makro za kuhariri. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, kijana Bill Joy alianza kuandika kihariri kingine kiitwacho vi. Kutokana na hicho, Mholanzi Bram Moolenaar alitengeneza Vim, akaitoa kwa umma mwaka 1991. Vihariri hivi vilikusudiwa hasa kwa waandika programu, watu ambao kazi yao ni kurekebisha maelfu ya mistari ya maandishi. Lakini mstari ni mstari. Uwe wa programu au wa majina ya wachangiaji, kihariri hakibagui.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, ndiye aliyeniwekea Vim katika kompyuta yangu kuukuu. Haiuzwi, na haihitaji mashine yenye nguvu. Nilipoifungua kwa mara ya kwanza nilistaajabu kuona katika ukurasa wake wa mwanzo ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Nikafuatilia, nikakuta kwamba Moolenaar aliwahi kujitolea kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, katika eneo ambalo UKIMWI uliacha yatima wengi. Baada ya hapo hakuomba bei ya programu yake; aliomba anayenufaika nayo awakumbuke watoto wale. Alifariki mwaka 2023, na ombi hilo lingali pale. Nikasema moyoni: mtu wa namna hii hawezi kuwa ameandika mwongozo kwa nia ya kunisumbua. Ikiwa siuelewi, basi tatizo liko kwingine.

Kazi iliyokuwa mbele yangu

Wajumbe wa vichochoro walikuwa wamenitumia taarifa zao, nami nikaziweka zote katika faili moja. Kila nyumba ilikuwa na mistari mitatu: wa kwanza jina la mwenye nyumba, wa pili nambari ya nyumba, wa tatu kiasi alichochanga. Mweka hazina wetu, mzee makini asiyependa mzaha katika hesabu, alitaka kila nyumba ikae katika mstari mmoja na vipengele vitenganishwe kwa mkato, ili aviingize katika jedwali lake kabla ya kikao cha Ijumaa. Nyumba zilikuwa 412. Hata kama kila moja ingenichukua nusu dakika, hiyo ni kazi ya zaidi ya saa tatu bila kuinua kichwa. Na nilishaona mwaka jana kichwa changu hufanya nini baada ya saa mbili.

Nikafungua mwongozo. Nilitafuta sura yenye kichwa cha makro, nikaikosa. Baada ya kupekua sana nikagundua kwamba habari zake zimewekwa chini ya kichwa chenye maana ya marudio changamani. Na hapo palikuwa na sentensi moja tu ya kuanzia: herufi q, kisha mabano ya mawimbi yenye tarakimu na herufi ndani yake, kisha maelezo kwamba vitufe vitakavyobonyezwa vitarekodiwa katika rejista hiyo. Nikabonyeza q, nikabonyeza bano. Hakikutokea kitu. Nikajaribu tena nikiwa katikati ya kuandika, na herufi q ikajichapa ndani ya jina la mtu.

Mpwa wangu alipokuja jioni alinikuta nimeshika tama.

“Shikamoo, mjomba. Mbona hivyo?”

“Marahaba. Kitabu hiki kimeandikwa na watu wanaojua, kwa ajili ya watu wanaojua. Sisi tusiojua tumeachwa mlangoni.”

Akacheka kwa adabu. “Mjomba, umefungua kitabu kisichokuwa chako. Hii ina miongozo miwili. Mmoja ni wa rejea, mwingine ni wa mwanafunzi. Wewe umeanza na wa rejea.”

Nikaona haya. Nani hujifunza lugha kwa kusoma kamusi kuanzia ukurasa wa kwanza? Kamusi haina kosa, lakini humfaa mtu ambaye tayari ana neno mkononi. Mwongozo wa mwanafunzi ulikuwepo siku zote, na katika sura yake ya kumi, inayohusu kufanya mabadiliko makubwa, makro imeelezwa hatua kwa hatua kwa mfano. Mabano yale nayo hayakuwa ya kubonyezwa. Yalikuwa alama ya kusema “hapa weka herufi uitakayo”, na jambo hilo limeelezwa mahali pengine ambapo sikuwa nimepita.

Namna inavyofanya kazi

Kwa faida ya msomaji anayetaka kujaribu, nitaeleza kwa ufupi. Vim ina hali mbili kuu: hali ya kuandika, ambapo kila kitufe huchapa herufi yake, na hali ya kuamuru, ambapo kila kitufe ni agizo. Kitufe cha Esc hukutoa katika ya kwanza na kukurudisha katika ya pili. Makro huanzishwa ukiwa katika hali ya kuamuru. Ndiyo sababu q yangu ilijichapa ndani ya jina la mtu.

Unabonyeza q, kisha herufi ya kuitia jina makro yako, tuseme a. Chini ya skrini hutokea neno la kujulisha kwamba kompyuta inarekodi. Unafanya kazi yako mara moja, kisha unabonyeza q tena kusimamisha. Kuanzia hapo, ukibonyeza alama ya @ ikifuatiwa na a, kazi hurudiwa. Ukitanguliza tarakimu, mathalani 20@a, hurudiwa mara ishirini.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilipofika katika mstari wa jina, nilibonyeza kishale cha kulia mara nyingi mpaka mwisho wa jina, nikaweka mkato. Kwa nyumba ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kwa nyumba ya pili, ambayo jina lake lilikuwa refu zaidi, mkato ukaangukia katikati ya jina. Kwa nyumba ya tatu, yenye jina fupi, makro ikakatika njiani. Kompyuta haikukosea. Niliiambia iende hatua kumi na moja, nayo ikaenda hatua kumi na moja. Nilichopaswa kuiambia ni “nenda mwisho wa mstari”, na kwa hilo lipo agizo: herufi kubwa A, ambayo hukufikisha mwisho wa mstari wowote, mrefu au mfupi, na kukuweka tayari kuandika.

Makro sahihi ikawa hivi: A, mkato, Esc, kisha J kubwa ambayo huunganisha mstari huu na unaofuata kwa kuweka nafasi kati yake, tena A, mkato, Esc, J, kisha j ndogo ya kushuka mstari mmoja, na sifuri ya kurudi mwanzo wa mstari. Vitufe kumi tu. Kwa kuwa nyumba ya kwanza huwa imekamilika wakati wa kurekodi, zilibaki 411. Nikaandika 411@a.

Kazi ya saa tatu ikaisha kabla sijainua kidole. Mashine ikatoa mlio mdogo, ambao sikuujali. Nikahesabu mistari: 412. Nikamshukuru mpwa wangu, nikachapisha, nikampelekea mweka hazina usiku uleule, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Idadi ilitimia, watu hawakutimia

Asubuhi simu ikalia.

“Katibu mwanangu, njoo hapa. Katika mstari wa mwisho naona nambari ya nyumba, naona shilingi 5,000, halafu mkato, halafu hakuna kitu. Tangu lini nyumba ikachanga bila mwenyewe?”

“Mzee wangu, nimehesabu. Ni 412 kamili.”

“Idadi imetimia,” akasema kwa upole, “lakini watu hawajatimia. Njoo utazame.”

Nikaenda, tukapanda orodha kutoka chini kwenda juu. Nambari ya nyumba, kiasi, jina. Nambari ya nyumba, kiasi, jina. Kila mchango ulikuwa umeandamana na jina la nyumba inayofuata. Tukaendelea kupanda mpaka mstari wa 268, na hapo tukaliona chimbuko. Ilikuwa nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye kamati ilimsamehe mchango. Mjumbe wake, badala ya kuandika sifuri, hakuandika kitu. Nyumba ile ilikuwa na mistari miwili badala ya mitatu. Makro, iliyoagizwa kuunganisha mitatu mitatu, ilichukua jina la jirani yake na kulibandika mahali pa kiasi. Kuanzia hapo nyumba 144 zikaharibika, kila moja ikisukuma nyenzake. Na kwa kuwa pengo lilikuwa moja tu, hesabu ya mistari ikatoka sawa, ikanilaza usingizi.

Fikiri, msomaji, kama orodha ile ingepita. Mwaka jana nilipoteza nyumba moja kwa kalamu. Mwaka huu ningevuruga nyumba 144 kwa kompyuta, kwa muda wa kupepesa jicho, na kwa karatasi nzuri iliyochapwa kiasi kwamba hakuna ambaye angeitilia shaka. Na mwanzo wa uharibifu wote ungekuwa nyumba ya mjane, yule ambaye mfuko uliundwa kwa ajili ya mfano wake.

Chombo kinachorudia wema wako mara mia nne hurudia na kosa lako mara mia nne. Wala hakichoki, kwa hiyo hakisimami kukuuliza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ishara zilikuwepo. Nilipofungua faili lile, Vim ilinionyesha chini ya skrini idadi ya mistari: 1235. Mtoto anayejua kugawanya angeniambia kwamba 1235 haigawanyiki kwa tatu bila kubaki. Nyumba 412 zenye mistari mitatu zilipaswa kuwa na mistari 1236. Na ule mlio mdogo nao ulikuwa na maana. Mwongozo unaeleza kwamba agizo likishindikana, makro husimama papo hapo. J ya mwisho ilikosa mstari wa kuunganisha, ikashindwa, mashine ikanijulisha kwa lugha yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kushangilia.

Nikarudi nyumbani, nikafungua nakala ya faili la asili ambayo, kwa bahati, sikuwa nimeigusa. Nikamwekea yule bibi sifuri yake. Mistari ikawa 1236. Nikarekodi upya, nikaendesha makro kwa nyumba tatu tu, nikazitazama, kisha kwa ishirini, nikazitazama, kisha zilizobaki. Mara hii mstari wa mwisho ulikuwa na jina la mtu, nambari yake na mchango wake. Mweka hazina akaisoma orodha yote kwa kidole, akaweka sahihi yake Alhamisi jioni.

Niliyojifunza

Kwanza, usiguse faili la asili. Fanya kazi juu ya nakala, ili ukikosea uwe na pa kurudi.

Pili, hesabu kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza peke yake. Mistari mingapi ipo? Mingapi inapaswa kuwepo? Tofauti ya mstari mmoja ni tofauti ya mtu mmoja.

Tatu, rekodi maana ya hatua, usirekodi umbali. “Mwisho wa mstari” ni kweli kwa kila jina. “Hatua kumi na moja” ni kweli kwa jina moja tu.

Nne, jaribu kwa wachache walio tofauti: jina refu, jina fupi, na yule asiye na kiasi. Kalibu iliyowafaa wa katikati pekee haijapimwa.

Tano, fahamu kwamba makro si siri. Katika Vim, kilichorekodiwa huwekwa katika rejista kama maandishi ya kawaida. Ukiandika alama ya nukuu, herufi a, kisha p, makro yako itabandikwa katika skrini uisome na kuirekebisha. Usishtuke ukiona Esc imeandikwa kwa alama mbili za ajabu. Hiyo ni sura yake, na ukitaka kuiandika upya lazima utangulize Ctrl na v. Jihadhari pia: ukinakili maandishi mengine katika rejista hiyohiyo, makro yako imekwenda.

Nimalizie na jambo moja la nyumbani. Baada ya kikao cha Ijumaa niliona si vyema ujuzi huu ukabaki kichwani mwangu, maana katibu hubadilika. Nikaandika mwongozo wangu mwenyewe wa nusu ukurasa, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, nikauona ni wazi kama mchana. Nikampa binti yangu wa darasa la saba aufuate huku mimi nimekaa pembeni kimya. Akakwama hatua ya tatu.

“Baba, umesema nibonyeze J. Nimebonyeza, imejiandika J.”

Nilikuwa nimesahau kuandika Esc. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuizoea, kwa hiyo akili yangu haikuiona tena kuwa ni hatua. Hapo ndipo nilipoacha kuwalaumu walioandika ule mwongozo mkubwa. Ajuaye husahau kwamba aliwahi kutojua, na anachokiruka ndicho hasa alichokizoea zaidi. Dawa yake ni moja: mpe asiyejua asome mbele yako, na anapokwama usimsahihishe yeye, sahihisha karatasi.

Binti yangu alisahihisha mahali pane. Karatasi hiyo sasa imebandikwa ndani ya jalada la daftari la kamati, pamoja na sentensi moja niliyoiandika juu kabisa kwa wino mwekundu: kabla ya kubonyeza chochote, hesabu mistari, ugawanye kwa tatu. Atakayepokea kazi hii baada yangu, inshallah, ataanzia hapo.